Kilima Kisicho na Watu Kilichopeleka Wajumbe Wawili Bungeni

Karibu na mji wa Salisbury, kusini ya Uingereza, kiko kilima kiitwacho Old Sarum. Juu yake yapo mabaki ya ngome na misingi ya kanisa kuu la kale; mengine ni majani matupu. Lakini mpaka mwaka 1832 mahali hapo palikuwa na haki ya kupeleka wajumbe wawili katika Bunge la Uingereza, na huku mji wa Manchester, wenye watu zaidi ya 100,000, haukuwa na mjumbe wake hata mmoja.

Jambo hilo halikuanza kwa hila. Wakati wa wafalme wa Kinormani, Old Sarum ulikuwa mji hasa. Lakini kule juu maji yalikuwa shida, upepo ulikuwa mkali, na makasisi hawakupatana na askari wa ngome. Mwaka 1220 msingi wa kanisa jipya uliwekwa bondeni, na watu wakahamia huko, ndipo ulipo mji wa Salisbury. Mwaka 1295 Old Sarum uliitwa kupeleka wajumbe Bungeni, ijapokuwa ulikuwa umekwisha pungua sana. Nyumba zilipotoweka kabisa, haki ile haikuondolewa.

Sababu yake ni kwamba kura haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kiwanja. Aliyeshika hati ya kiwanja ndiye aliyepiga kura, hata kama alikaa mbali na hakuwa na kibanda mahali pale. Kwa hiyo tajiri aliyenunua viwanja vyote aliweza kuwakabidhi hati rafiki zake, nao wakamchagua mtu aliyemtaka yeye. Siku ya uchaguzi hema lilisimamishwa shambani, na shughuli ikaisha upesi. Katika mwaka 1831 wapiga kura walikuwa 11 tu, wala hapana hata mmoja aliyekaa pale.

Mwisho wa karne ya 17 mashamba hayo yalinunuliwa na Thomas Pitt, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Madras katika Bara Hindi. Mjukuu wake, William Pitt, aliingia Bungeni kwa kiti cha Old Sarum mwaka 1735, akiwa na umri wa miaka 26, akawa mmoja wa viongozi wakuu wa Uingereza. Hata hivyo, mwaka 1766 Pitt huyo huyo aliliambia Bunge kwamba viti vya namna hiyo ni sehemu iliyooza ya katiba, na kwamba isipoanguka yenyewe itapasa ikatwe. Mwaka 1802 mali hiyo iliuzwa kwa pauni zipatazo 60,000. Bei hiyo haikuwa ya majani. Ilikuwa bei ya viti viwili vya Bunge.

Watu wa miji mipya ya viwanda hawakunyamaza. Mwaka 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika Manchester kudai wajumbe. Askari wa farasi wakawavamia, na zaidi ya watu kumi wakafa. Mwaka 1831 serikali ya Lord Grey ilileta sheria ya kutengeneza uchaguzi, lakini Baraza la Malodi likaikataa, na ghasia zikazuka Nottingham na Bristol. Malodi waliridhia baada ya kuona kwamba Mfalme William IV yu tayari kuweka malodi wapya wa kuwashinda kwa wingi. Sheria ikapita mwezi wa Juni, 1832. Miji midogo 56, pamoja na Old Sarum, ilinyang'anywa viti vyake vyote, na Manchester ukapata wajumbe wawili.

Hata hivyo, kazi haikuisha siku hiyo, maana watu wengi walikuwa bado hawana kura. Kura ya siri ilikuja mwaka 1872, na wanawake hawakupata haki sawa na wanaume mpaka mwaka 1928. Haki ya watu wengine kupiga kura zaidi ya moja kwa ajili ya mali au elimu ya chuo kikuu ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1948. Tangu Old Sarum kuondolewa ilipita miaka zaidi ya 100 kabla kura haijawa ya mtu, wala si ya kiwanja. Mti hauendi ila kwa nyenzo.