Kwa Nini Maji Peke Yake Hayatoshi

Tumfikirie mkulima wa Mbingu wakati wa kupanda mpunga. Ametoka nyumbani alfajiri, ameshinda jarubani, matope mpaka magotini. Jioni anarudi kwenye dungu lake. Anajimwagia makopo mawili ya maji, anajifuta, anakaa kula pamoja na watoto. Ukimwuliza atakwambia, "Aa, nimeshaoga." Je, ni kweli ameoga? Hebu tuone.

JARIBU MWENYEWE

Chukua matone mawili ya mafuta ya kula, ujipake kiganjani. Nyunyiza vumbi kidogo juu yake. Sasa mwagia maji. Utaona maji yanateleza, yanakwenda zake, na uchafu umebaki pale pale. Rudia tena, safari hii kwa sabuni. Sugua, kisha suuza. Mafuta yametoka, na vumbi limetoka nayo.

Ngozi yetu ndivyo ilivyo. Hutoa jasho, na pia hutoa mafuta yake yenyewe ili isikauke na kupasuka. Vumbi, matope na vijidudu vya maradhi hunasa katika mafuta hayo. Na maji na mafuta hayapatani, hata ukiyachanganya yataachana.

SABUNI NI MSHENGA

Sabuni hutengenezwa kwa mafuta, kama ya mawese au ya nazi, yakichanganywa na dawa kali iitwayo kostiki. Kipimo kikiwa sawa, vitu hivyo viwili hugeuka kuwa kitu cha tatu, ndiyo sabuni. Kipimo kikikosewa, kostiki hubaki ndani na kuunguza ngozi. Kwa hiyo jihadhari na sabuni inayowasha.

Chembe ya sabuni ni ndogo mno, haionekani kwa macho. Ina ncha mbili. Ncha moja hupenda maji, ncha ya pili hupenda mafuta. Basi sabuni ni kama mshenga anayewapatanisha watu wasiosemezana. Ncha ya mafuta huingia katika taka, ncha ya maji hubaki nje. Chembe nyingi hulizunguka tone la taka na kuling'oa. Ukimwaga maji, tone lile linachukuliwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hatulijui. Vijidudu vingi haviuawi na sabuni, bali huondolewa. Viko vichache, kama vile vya korona iliyotusumbua mwaka 2020, vyenye ganda la mafuta ambalo sabuni hulipasua. Lakini vilivyo vingi huchukuliwa tu na maji. Kwa hiyo kupaka sabuni hakutoshi. Lazima usugue, na lazima usuuze kwa maji yanayotiririka.

BESENI MOJA, MIKONO SITA

Sasa tuangalie desturi yetu. Kabla ya kula, beseni moja la maji linazungushwa. Baba anaanza, mwisho ananawa mtoto mdogo. Jamani, yule mtoto hanawi. Anachovya mikono katika uchafu wa wakubwa wote waliomtangulia! Na mtoto ndiye mwenye kudhurika upesi zaidi na kuhara.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza kuhara kwa kiasi cha theluthi moja hivi. Maana yake, mahali ambapo wangehara watoto watatu, mmoja huenda akaepuka.

Dawa yake si ghali. Tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano, toboa tundu dogo karibu na mdomo, litundike kwenye mti. Funga kamba shingoni mwa dumu na kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Sabuni nayo itundike kando kwa kamba. Hata dunguni shambani inawezekana.

MARA NGAPI?

Mikono: kila utokapo chooni, kila umsafishapo mtoto, na kabla ya kupika, kula au kulisha mtoto. Sugua huku ukihesabu polepole mpaka 20.

Mwili: anayefanya kazi ya jasho na matope aoge kwa sabuni mara moja kwa siku. Ajitahidi hasa makwapani, kinenani na miguuni. Akaushe vizuri katikati ya vidole, maana unyevunyevu huleta fangasi. Kujisugua sabuni mara nyingi mno si usafi zaidi. Huondoa mafuta yanayoikinga ngozi, ikakauka na kuwasha. Sabuni ya unga ya kufulia usiogee.

Mtoto mchanga: asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa, asije akapata baridi. Baadaye, sabuni laini mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Wazee nao ngozi yao ni kavu, wapunguze sabuni na wapake mafuta.

SABUNI SI DAWA YA KILA KITU

Upele unaowasha sana usiku huletwa na wadudu wadogo wanaochimba ndani ya ngozi. Sabuni haiwafikii. Nenda zahanati mpewe dawa nyumba nzima siku moja, la sivyo mtaambukizana tena. Na sabuni za kujichubua zenye zebaki ni sumu. Huharibu figo.

SABUNI IKIWA HABA

Wazee wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilipoadimika nchini, watu walifulia majani ya mpapai. Leo sabuni ipo dukani, shida ni hela. Basi kipande kikiwa kidogo, mikono ipewe kwanza. Kikikosekana kabisa, sugua mikono kwa majivu safi na usuuze. Hayafikii sabuni, lakini yanashinda maji matupu.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kusoma, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Nasi tukisha kusoma, tuinuke.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maji peke yake hayaondoi mafuta?
2. Nyumbani kwako mtoto hunawa maji ya nani?
3. Kibuyu chirizi chenu mtakitundika wapi?