Vitenzi visaidizi vya uwezo na ruhusa katika Kiingereza

Vitenzi visaidizi vya uwezo na ruhusa ni vitenzi vya lugha ya Kiingereza vinavyoonyesha kwamba mtu anaweza kufanya jambo au ameruhusiwa kulifanya. Vinavyotumika zaidi ni "can", "could" na "may". Kwa Kiswahili maana zote mbili hubebwa mara nyingi na kitenzi kimoja, "kuweza".

Nchini Tanzania tofauti hiyo huwahusu hasa wanafunzi wa sekondari. Mtoto wa Rubwera, wilayani Kyerwa, mkoa wa Kagera, aghalabu huzungumza Kinyambo nyumbani na kusoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, hukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza.

Umbo

"Kuweza" hupokea viambishi vya nafsi na wakati: naweza, aliweza, tutaweza. "Can" hakipokei. Hakiongezwi "-s", hakifuatwi na "to", wala hakitanguliwi na "will". "Anaweza kuchuma kahawa" ni "She can pick coffee", si "She can to pick coffee". Kosa hilo hutokana na "ku-" ya Kiswahili katika "kuchuma". "Nitaweza" huwa "I will be able to".

Uwezo

Kwa uwezo wa jumla wa zamani hutumika "could": "I could swim when I was six". Kwa jambo lililofanikiwa mara moja hutumika "was able to" au "were able to". "Mvua ilinyesha, lakini tuliweza kufika" ni "It rained, but we were able to arrive". Katika kukanusha, "could not" hufaa pande zote mbili.

Ruhusa

Kiswahili huomba ruhusa kwa kusema "Nitoke nje?" au "Naomba kutoka". Kiingereza husema "Can I go out?" kati ya watu waliozoeana, na "May I go out?" kwa heshima zaidi. "Could I" ni ombi la adabu pia, lakini jibu lake ni "Yes, you can" au "Yes, you may", si "Yes, you could".

Mazoezi

Kabla ya kutafsiri, mwanafunzi ajaribu kuweka "kuruhusiwa" mahali pa "kuweza". Maana isipobadilika, sentensi inahusu ruhusa. Sentensi "Kijana huyu anaweza kuendesha pikipiki" ina maana mbili: anajua kuiendesha, au sheria inamruhusu. Asiye na leseni huelezwa hivi: "He can ride a motorcycle, but he is not allowed to".

Neno "hawezi" nalo lina mtego wake. Hasa pwani, "Mama hawezi" huweza kumaanisha kwamba mama ni mgonjwa. Hapo tafsiri ni "Mother is ill", na "can" haihitajiki kabisa.