Mbilikimo wa plastiki na wanawake 50 wa Ngomeni

Mdharau mwiba mguu huota tende. Nami nilikidharau kisanduku kimoja kidogo, na leo nakiri mbele yenu, walimu wenzangu, kwamba kimenifunza jambo ambalo miaka mingi ya kushika chaki haikunifunza.

Kisanduku hicho nililetewa na mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Uingereza. Ndani mlikuwa na mbilikimo 30 wa plastiki, wa zile ngano za Ulaya ya Kaskazini: ndevu hadi kitovuni, mashoka mabegani, na kimo kisichozidi kidole gumba. "Mjomba, hawa hawaingii vitani vivi hivi," aliniambia. "Kwanza hupakwa rangi, mmoja mmoja." Akanieleza kwamba majeshi mawili hupangwa mezani, mwendo wao hupimwa kwa rula, na dadu huamua nani aanguke na nani asimame.

Nilicheka moyoni. Lakini mchezo huu una asili ndefu. Mwaka 1824 mchezo wa vita wa mezani ulionyeshwa kwa wakuu wa jeshi la Prussia, nao wakautumia kuwafunza maafisa wao. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu kizima cha kanuni za vita vya sanamu ndogo. Na sisi wa pwani tuna bao, ambamo kete hutekwa na nyumba hulindwa. Basi nani atacheka?

Nikavipeleka vitu vile kwenye chama cha historia cha shule ninakofundisha, hapa kisiwani Mombasa. Tukagundua kwamba kupaka rangi kuna adabu zake. Sanamu huoshwa kwanza kwa maji ya sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke. Kisha hupakwa rangi ya kwanza, ya kushikia nyingine. Rangi zifuatazo huchanganywa na maji zikawa nyepesi, zikapakwa mara mbili au tatu, kwani rangi nzito hufukia macho na mafundo ya ndevu. Baadaye hutiwa rangi ya majimaji yenye giza, itue katika mikunjo, na mwisho brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu juu ili ncha zing'ae. Unyevu wa bahari nao ulitutia adabu: rangi ya kupuliza ilitoka chenga chenga kama mchanga, tukajifunza kuingojea siku kavu.

Aliyetushinda sote ni binti mmoja ambaye nyanyake huwapaka maarusi hina na piko huko Mji wa Kale. Mkono wake haukutetemeka. Alichora pindo la mshipi jembamba kama unywele, nasi tukabaki kumtazama. Alipomaliza, aliiweka brashi chini akaniuliza: "Mwalimu, hawa ni wa ngano za watu. Wetu wako wapi?"

Swali hilo lilinichoma, kwa kuwa kutoka Mji wa Kale hadi Fort Jesus, ambako wenyeji twakuita Ngomeni, ni mwendo wa dakika chache tu. Kila mwaka nimewafundisha wanafunzi kwamba ngome ile ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na kwamba Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, wakaitwaa. Hayo huandikwa ubaoni, wanafunzi hunakili, kengele hulia. Ni miezi 33 ya njaa na maradhi ndani ya kuta, nami niliimaliza kwa sentensi moja.

Tulipoanza kuliunda jeshi la Ngomeni, sentensi moja haikutosha tena. Ilibidi tujue nani walikuwamo. Ndipo tukaisoma habari ya mwaka 1697, pale maradhi yalipokuwa yamewafagia walinzi wa Kireno, na kamanda wao akafariki mwezi Agosti. Ngome ilibaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hao ndio walioshika kuta hadi msaada ulipowasili mwezi Septemba. Hesabuni wenyewe: wengi wa walinzi walikuwa wanawake! Katika somo langu hawakuwa na hata neno moja.

Wanafunzi wakawaumba kwa waya na udongo, wanawake 50, kila mmoja na mkao wake. Mvulana mmoja akawapaka kanga zenye maandishi. Nikamzuia: kanga ni vazi la karne ya 19, na hawa waliishi takriban miaka 200 kabla yake. Tukakubaliana juu ya nguo zisizo na maandishi. Mzazi mmoja naye alikuja, kwa upole, akasema hapendezwi na mwanawe kuchonga sura za binadamu. Tulimsikiliza kwa heshima, na tukaamua nyuso ziachwe bila macho wala midomo.

Kisha ukaja ubishi, nao ndio uliokuwa faida yangu kubwa. Je, wanawake hawa walikuwa mashujaa, au watumwa wasiokuwa na pa kwenda? Mbona mtu wa Faza ailinde ngome ya Mreno? Wanafunzi ambao kwa kawaida husinzia kipindi cha baada ya chakula waligombania kusema. Sikuwapa jibu la kukariri. Niliwatuma wakasome.

Tulikwenda pia Ngomeni kuona ukuta ambao Wareno waliuchora kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, watu, samaki, hata kinyonga. Yule binti aliutazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Waliochora ndio wanaokumbukwa." Sikuwa na la kuongeza.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kupoteza wakati wa mtihani. Nami nakubali kuwa mtihani haungoji. Lakini mtoto aliyeuliza nguo ilikuwa ya rangi gani, nani aliishika bunduki na kwa nini, hatasahau mwaka 1697 hata akizeeka. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unasisitiza sanaa na ubunifu. Mlango uko wazi, kuingia ni juu yetu.

Wala hatuhitaji visanduku kutoka ng'ambo. Udongo upo, waya upo, na mikono iliyozoea hina na piko ipo tele mitaani mwetu. Mbilikimo wa mpwa wangu sasa wamesimama juu ya kabati, wamependeza kweli kweli. Lakini juu ya meza ya darasa wamesimama wanawake 50, na mwaka huu nitakapofika kwenye sentensi ile, nitawapisha wapite wao kwanza.