Je, Wajua? Kombora Huruka Sehemu Kubwa ya Safari Injini Ikiwa Imezimika

Kwenye mabanda ya gemu ya Mbagala na Tandale, kombora likishafyatuliwa hufukuza ndege mpaka liipate, moto ukiwaka nyuma mwanzo hadi mwisho. Angani mambo hayako hivyo. Makombora mengi ya ndege kwa ndege huchoma fueli yote kwa sekunde chache, kisha huserereka kwa kasi yaliyokwisha kuipata, na kila kona inayokatwa inaila kasi hiyo.

Programu makini za kuigiza urubani kama DCS World hukokotoa hayo yote, ndiyo maana wachezaji wapya hudhani kombora lao ni bovu. Si bovu hata kidogo! Zile kilomita 100 na zaidi zinazotajwa kuwa masafa ya baadhi ya makombora hayo hupatikana ndege zote mbili zikiwa juu sana na zikielekeana uso kwa uso. Kwenye kimo cha kilomita 12, uzito wa hewa ni takriban robo ya ule wa usawa wa bahari. Lifyatue kombora hilohilo chini kabisa, juu ya mawimbi ya Kigamboni, adui ageuze na kukimbia: masafa yanaporomoka vibaya.

Makombora ya kutoka ardhini nayo yana mipaka yake. Katika Vita vya Kagera, 1978–79, jeshi letu la Tanzania lilitumia Strela-2, kombora la begani linalofuata joto la injini. Masafa yake ni takriban kilomita 4. Ukilifyatua Posta, halifiki Mbagala. Tena mpigaji mara nyingi alilazimika kuingoja ndege ya kivita impite kwanza, ndipo afyatue kwa nyuma.