SAYLUL-'ARIM: BWAWA LA MA'RIB NA SHUKRANI INAYOFANYWA KWA MIKONO

Kila sifa njema ni Zake Allah (S.W.), Mola aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akavihuisha kwayo vilivyokufa. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba wake wote. Amma ba'd.

Ndugu msomaji, kisa cha watu wa Saba' na gharika yao ni miongoni mwa visa vinavyosimuliwa sana misikitini kwetu. Mara nyingi husimuliwa hivi: palikuwa na bwawa kubwa Yemen, watu wake wakakufuru, Allah (S.W.) akamleta panya akalitoboa, maji yakawachukua. Sisi wenyewe tumekisomesha hivyo kwa miaka, mpaka siku moja mwanafunzi mmoja alipotuuliza: "Sheikh, bwawa lenyewe lilikuwa na nani wa kulitunza?" Hatukuwa na jibu. Makala haya ni matunda ya swali hilo.

MAANA YA NENO AL-'ARIM

Katika Suratu Saba' (34:15-16) Allah (S.W.) anatueleza kuwa watu hao walikuwa na mabustani mawili, kuliani na kushotoni. Wakaamrishwa wale katika riziki ya Mola wao na wamshukuru. Wakapuuza, wakapelekewa Saylul-'Arim. Sayl ni maji ya mafuriko yateremkayo bondeni kwa nguvu. Ama al-'arim, wafasiri wametaja kauli kadhaa: kuwa ni jina la bonde, au ni mvua kali, au ni panya aliyetoboa, au ni ukuta wa kuzuilia maji kwa lugha ya watu wa Yemen.

Kauli hii ya mwisho imepata ushahidi wenye nguvu katika mawe ya Ma'rib kwenyewe. Katika maandishi ya kale ya Kisabaa yaliyochongwa hapo, neno hilo hilo, 'ayn, raa na mim, ndilo linalotumika kwa maana ya bwawa. Ama habari ya panya, imo katika riwaya za wafasiri, lakini Qur'ani haikumtaja.

BWAWA LENYEWE

Ma'rib ilikuwa mji mkuu wa Saba', ukingoni mwa jangwa. Karibu nayo, bonde la Adhana linapita katika mwanya mwembamba baina ya milima ya Balaq. Hapo ndipo Wasabaa walipojenga tuta la udongo lililovikwa mawe, lenye urefu wa takriban mita 600 na kimo kilichofikia kiasi cha mita 15. Kila upande wa tuta, kaskazini na kusini, palijengwa milango ya maji kwa mawe yaliyochongwa na kushikanishwa barabara. Milango hiyo imesimama hadi leo. Maandishi yake yanawataja watawala wa Saba' waliojenga hapo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mtume (S.A.W.).

Bwawa hili halikuwa ziwa la kuweka maji mwaka mzima. Mvua za milimani huja kwa misimu miwili, na mafuriko hupita kwa muda mfupi. Kazi ya tuta ilikuwa kuyazuia na kuyanyanyua mpaka yafikie kimo cha mashamba, kisha milango miwili iyagawe kwenye mifereji. Mlango wa kaskazini ulinywesha mashamba ya upande mmoja na wa kusini upande wa pili. Watafiti wanakisia kuwa jumla yake ilikuwa kiasi cha hekta 9,600. Mwenye kusimama juu ya tuta akatazama chini bondeni angeona mabustani mawili, moja kuliani na moja kushotoni, kama Qur'ani ilivyosema. Subhaanallah!

KWA NINI LILIVUNJIKA?

Tuta la udongo lina maadui wawili. Wa kwanza ni maji yanayopanda juu yake au kupenya ndani yake. Yakishapata ufa mdogo huuchimba mpaka ukawa mlango. Wa pili ni tope. Kila furiko lilileta udongo likauacha nyuma ya tuta na mashambani. Mashamba yakazidi kunyanyuka, na tuta nalo likabidi liongezwe kimo kila baada ya muda. Kwa hiyo bwawa la Ma'rib lilikuwa kazi isiyokwisha: kila kizazi kililazimika kusafisha, kuziba na kunyanyua. Pale watu walipokuwa na umoja, kazi ilifanyika. Walipogawanyika, ufa ulibaki ufa.

Maandishi ya pale yanasimulia mavunjiko makubwa na matengenezo yake katikati ya karne ya 5 Miladi, zama za mfalme Sharahbil Ya'fur. Tena mwaka 548 Miladi bwawa lilitengenezwa na Abraha, naye ndiye anayetajwa katika habari za tembo. Aliyaita makabila kwenye kazi. Baada ya hapo, kabla ya karne hiyo kwisha, liliharibika na halikutengenezwa tena. Qur'ani haikutaja mwaka wa gharika ya Saba', nasi hatuutaji.

SHUKRANI NI KAZI

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi. Kabla ya kisa cha Saba' kwa aya mbili tu (34:13), Allah (S.W.) anawaamrisha watu wa Nabii Daud (A.S.) wafanye kazi kwa kushukuru. Hakusema waseme, alisema watende. Kisha anasema wenye kushukuru ni wachache, na baadaye ndipo anapotuletea mfano wa waliokosa shukrani. Ulimi unashukuru, lakini neema ya bwawa hushukuriwa kwa jembe, kwa kapu la udongo na kwa haki katika kugawa maji. Kuacha neema iharibike hali mtu ana uwezo wa kuitengeneza ni sehemu ya kuikufuru.

FIQHI YA MAJI

Sheria yetu haikuliacha jambo hili hivi hivi. Mtume (S.A.W.) aliamua kuhusu mafuriko ya mabonde ya Madina kuwa mwenye shamba la juu azuie maji mpaka yafike vifundoni, kisha amwachilie wa chini yake. Katika kisa cha Zubayr (R.A.) na jirani yake wa Kiansari, kilichopokewa na Bukhari, alimwamuru Zubayr kwanza anyweshe kisha ampelekee jirani.

Kuna habari nyengine inayotoka Ma'rib hasa. Abyad bin Hammal (R.A.), mtu wa Ma'rib, alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe machimbo ya chumvi ya huko, naye akampa. Alipoambiwa kuwa amempa kitu kilicho mfano wa maji yasiyokatika, aliyarudisha. Wanavyuoni wakachukua hapo kuwa kile ambacho watu wote wanakihitaji, na kinapatikana bila ya mtu kukitaabikia, hapewi mmoja akawafungia wengine. Ama mfereji wa ushirika, gharama za kuutengeneza ni juu ya washirika kwa kadiri ya mafungu yao. Asiyetoa jembe lake siku ya kazi na ana uwezo, amewadhulumu wenziwe.

Na wakulima wa mpunga na mahindi wanatuuliza kuhusu zaka. Mazao yakishafikia nisabu, yaliyonyweshwa kwa mvua au mto yana sehemu moja ya kumi. Yaliyonyweshwa kwa kuteka, na mfano wake leo ni pampu, yana nusu ya hiyo, yaani moja ya ishirini. Maji ya mfereji yanayoteremka yenyewe kutoka bwawani hukumu yake ni ya mvua, kwa kauli sahihi ya madhehebu yetu kama alivyotaja Imamu Nawawi katika Minhaj, hata kama mfereji uligharimiwa. Maji ya kununua yana moja ya ishirini. Na aliyenywesha nusu kwa nusu atoe robo tatu ya sehemu ya kumi.

HITIMISHO

Mwaka 1986 bwawa jipya la udongo lilifunguliwa juu kidogo ya lile la kale, kwa gharama za Sheikh Zayed bin Sultan wa Abu Dhabi. Bwawa la kale nalo liliharibiwa kwa shambulio la ndege mwaka 2015, katika vita vya Yemen. Mwaka 2023 magofu ya Ma'rib yaliingizwa katika urithi wa dunia.

Ndugu Maimamu, tunapokisimulia kisa hiki tusiishie kwa panya. Tumuulize kila anayetusikiliza: tangi la msikiti wako linavuja tangu lini? Mfereji wa kijiji chako umeziba kwa tope la nani? Hapo kisa cha Saba' kitakuwa kimefika kwetu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie miongoni mwa hao wachache wenye kushukuru. Wallahu a'lam.