Moto Uliofichika Katika Damu ya Mtoto

Asubuhi ya Butembo huwa na baridi, maana mji huo umejengwa milimani, kimo cha meta zaidi ya 1,700 juu ya bahari. Mtoto aamkaye akilia, "Mama, koo laniuma," hupewa maji ya moto yenye chumvi, kisha huenda shuleni. Baada ya siku chache koo limepona, na habari imesahauliwa.

Lakini baada ya majuma mawili au matatu huenda mtoto yule akashikwa na homa. Goti lavimba na kuuma. Kesho goti limepoa, na sasa ni kiwiko kinachouma. Watu husema, "Ni baridi tu." Wasomaji wapenzi, tusikubali upesi. Huenda ikawa ni homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15.

Chanzo chake ni vijidudu viitwavyo streptokoki, viingiavyo kooni. Huenea upesi mahali watu wengi walalapo chumba kimoja, kama ilivyo katika nyumba za Beni zilizopokea jamaa waliokimbia vita. Mwili huunda askari wa kupigana navyo. Lakini kwa watoto wengine askari hao hukosea adui, wakaushambulia moyo, hasa vali zake, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma.

Moto huo hatuuoni kwa macho, bali damu huutangaza. Fundi wa maabara huiweka damu katika mrija mwembamba wa kioo uliosimama wima, akatazama chembe nyekundu zimeshuka kiasi gani kwa saa moja. Zikishuka milimita 30 au zaidi, hiyo ni dalili ya mwako mwilini. Kipimo kingine hutafuta protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 huko New York na Tillett na Francis. Vipimo hivi ni kama moshi: vyasema kuna moto, havisemi ni nini kinachoungua. Kwa hiyo daktari hana budi kuchunguza maungo na kuusikiliza moyo pia.

Tena tukumbuke: damu husema wakati moto unapowaka. Ukiisha kuzimika, damu hunyamaza, lakini kovu hubaki katika vali. Ndipo kijana hukosa pumzi apandapo kilima, na mama mjamzito huingia hatarini.

Dawa ni penisilini. Ikitolewa mapema kwa koo lenye vijidudu hivyo, huzuia homa hiyo. Aliyekwisha kuugua hudungwa sindano kila majuma 3 au 4, kwa miaka mingi. Kwa jirani zetu wa Uganda, watoto 818 wenye dalili za kwanza za moyo walifuatwa kwa miaka miwili. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: ugonjwa ulizidi kwa watoto 8 hivi katika kila 100 wasiodungwa, bali kwa waliodungwa haukufika mmoja katika 100.

Basi wazazi, koo la mtoto tusilidharau. Nanyi wanafunzi, maungo yakiuma baada ya koo, msifiche: semeni nyumbani siku ile ile. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa moyo haujengwi kwa matofali.