Mtenda na Mtendwa: Taswira ya Mwanamke katika Video za Bongo Fleva

Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu humtaja mume na mke pasipo kubagua. Hata hivyo, lugha hiyohiyo hugawa majukumu kwa njia ya kauli za vitenzi: kwa desturi mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Uhusiano huu wa mtenda na mtendwa hujitokeza, kwa sura nyingine, katika video za Bongo Fleva. Katika nyingi miongoni mwazo mwanamume ndiye aimbaye, aendeshaye gari na atoaye fedha. Mwanamke huonekana bila kusikika, na aghalabu kamera humkata vipande, kiuno kikabaki bila uso.

Mei 2016 Serikali ya Tanzania iliifungia video ya wimbo "Chura" wa Snura Mushi. Katika lugha ya vijana, chura ni sitiari ya makalio ya mwanamke. Sitiari ya namna hii husitiri na kufichua kwa wakati mmoja: asiyeijua hubaki na kiumbe wake arukaye bwawani, na aijuaye hucheka. Picha huondoa nafasi hiyo. Kinachotajwa kwa fumbo huoneshwa waziwazi, na tafsida hukosa kazi.

Wapo wadaio kwamba uchezaji wa viuno ni uigaji wa Kimagharibi. Dai hilo halina mashiko. Unyago, ambao Bi Kidude (aliyefariki mwaka 2013) aliufundisha Zanzibar kwa miaka mingi, una ngoma za viuno na nyimbo zinazofundisha mambo ya unyumba. Lakini humo mtazamaji ni mwanamke, na mchezaji humfunda mwari. Kilichobadilishwa na kamera ni hadhira, wala si kiuno.

Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Hapa kilichozua mgogoro kilikuwa neno: Nyegezi, jina la eneo jijini Mwanza, lilichezewa ili liamshe neno la ashiki. Kwa wanaume hawa kilichoshtakiwa ni ulimi. Kwa Snura, mwili. Mifano miwili haithibitishi kanuni, lakini katika yote miwili kipimo kilikuwa maadili, yaani kiasi cha kinachofichuliwa. Suala la nani anapewa sauti halikuwamo. Ndiyo maana video ambamo wanawake ni mapambo tu kando ya gari, wakiwa wamevaa vizuri, hupita bila swali, ilhali Snura, mtunzi na mwimbaji, alizuiwa. Si kwamba video yake ilivunja desturi hiyo: wachezaji wake nao wamekatwa vipande na kamera ileile. Mwenye wimbo ni mwanamke. Mtazamaji aliyekusudiwa na kamera amebaki kuwa yuleyule wa video za wanaume.